Mitala, kura na unga wa Jane: kuwatazama upya akina mama wa Kimormoni wa Utah

Aprili 1849, katika Bonde la Salt Lake, Utah ya leo, Eliza Partridge Lyman aliandika kwenye shajara yake kwamba mumewe ameondoka kwenda California kwa kazi ya kanisa, nyumba ameiacha haina unga, na unga wenyewe haupatikani hata kwa kununua. Mumewe, Amasa Lyman, alikuwa kiongozi mkubwa wa Wamormoni na alikuwa na wake kadhaa. Miaka mitatu nyuma Eliza alijifungua njiani ndani ya gari la maksai, akashikwa na homa ya uzazi, na mtoto yule hakumaliza mwaka. Sasa yumo bondeni, mume hayupo, chakula hakuna. Siku hizo hizo akaandika mstari mwingine: Jane James, mwanamke mweusi, amempa unga kama ratili mbili, karibu nusu ya alio nao.

Ratili mbili hazifiki kilo moja. Jane alikuwa na watoto wadogo, na nusu iliyobaki ndiyo ya kuwalisha.

Huo unga haunitoki akilini, kwa sababu kila akina mama hawa wanapozungumziwa, watu hugawanyika pande mbili na unga husahaulika. Upande mmoja husema walikuwa watumwa wa wanaume wenye wake wengi, wametekwa akili na dini. Upande wa pili husema hapana, hao ndio waliowatangulia wanawake wote wa Marekani: walipiga kura mapema, walisomea udaktari, walihariri gazeti lao wenyewe. Kila upande una ushahidi wa kweli mkononi. Kosa ni kwamba kila mmoja unaukalia ushahidi wa mwenzake. Mimi nashika jambo moja: uhuru walioupata ulikuwa uhuru hasa, lakini waliununua wenyewe, kwa jasho na kwa upweke, na hatuwatendei haki tukiwapa sifa hiyo waume zao au mafundisho ya mitala. Na wale waliojitia kuwakomboa ndio waliowanyang'anya walichokwisha kupata.

Historia yenyewe kwa ufupi. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wafuasi wake wamezoeleka kuitwa Wamormoni, lilianzishwa na Joseph Smith jimboni New York mwaka 1830. Wakafukuzwa Missouri, wakajenga mji wa Nauvoo huko Illinois, na Juni 1844 Smith akauawa na genge la watu gerezani Carthage. Februari 1846 wakaanza kuvuka Mto Mississippi kuelekea magharibi. Julai 24, 1847 Brigham Young, aliyeshika uongozi baada ya Smith, aliingia Bonde la Salt Lake na kundi la kwanza: wanaume 143, wanawake 3, watoto 2. Mpaka reli ilipounganishwa Mei 1869, watu wapatao 70,000 walikuwa wamepita njia hiyo.

Bonde halikuwa tupu. Lilikuwa nchi ya Waute, Washoshone na Wagoshute, na Februari 1850 wanamgambo wa Kimormoni waliwashambulia Watimpanogos, wenyeji wa huko, kando ya Mto Provo na kuwaua wengi. Nalitaja mapema kwa sababu simulizi za ujasiri wa wahamiaji hupenda kuliweka mwishoni au kuliacha kabisa. Bustani alizopanda mwanamke wa Kimormoni, ambazo kwa kweli zilimtoa jasho, zilipandwa juu ya ardhi ambayo mama mwingine alikuwa akichimba mizizi ya kulisha wanawe.

Safari yenyewe ilikuwa kazi ya mwanamke zaidi ya picha zinavyoonyesha. Mwanamume alichunga maksai, akawinda, akalinda. Mwanamke alitembea mwendo ule ule, na magari yaliposimama jioni, kazi yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza: kuokota mavi makavu ya nyati ya kuwashia moto, kupika, kufua, kunyonyesha. Walioteseka kuliko wote ni maskini waliotoka Uingereza na Skandinavia. Fedha za kanisa zilipopungua, waliambiwa waje kwa mikokoteni, wavute wenyewe. Kati ya 1856 na 1860 watu kama 3,000 walivuka hivyo. Mwaka ule wa kwanza makundi mawili, la Willie na la Martin, yalichelewa kuondoka. Theluji ikayakuta Wyoming mwezi Oktoba, na watu zaidi ya 200 wakafa kabla ya waokoaji kutoka Salt Lake kuwafikisha bondeni.

Patty Sessions alikuwa mkunga, naye alifika bondeni mwaka 1847 akiwa na umri wa miaka 52, akiendesha gari lake mwenyewe. Shajara yake ni mistari mifupi: leo nimemzalisha dada fulani, mtoto wa kiume. Kesho mwingine. Anaandika baridi, anaandika alicholipwa. Katikati ya hesabu hiyo ya watoto wa wenzake inaingia mistari mingine, ya huzuni na usiku wa kukosa usingizi, kwa sababu mumewe David ameoa mke mdogo, Rosilla. Mistari hii na ile inafuatana kwenye kurasa zile zile. Patty hakuwa na daftari moja la ushujaa na jingine la machozi.

Sasa tuje kwenye mitala. Joseph Smith aliianza kwa siri. Agosti 1852 kanisa likaitangaza hadharani Utah. Mke wa kwanza wa Smith, Emma, aliyekuwa rais wa kwanza wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama ulioanzishwa Nauvoo Machi 1842, aliipinga, na baada ya mumewe kuuawa hakwenda magharibi. Alibaki Nauvoo hadi kufa kwake mwaka 1879. Hata huko Utah kaya nyingi zilikuwa za mume na mke mmoja. Makadirio ni kwamba mwaka 1870 waliokuwa katika familia za mitala walikuwa kati ya robo na theluthi. Lakini viongozi karibu wote walikuwa na wake wengi, na mafundisho yaliifunga ndoa hiyo na utukufu wa mbinguni, kwa hiyo aliyeikataa hakuwa amemkataa mwanamume tu. Alijiona amemkataa Mungu.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa ambayo msomaji wa Marekani hana. Neno mitala halitushtui. Mimi nimekulia nyumba yenye bi mkubwa na bi mdogo, najua wakewenza wanaweza kuleana watoto, na najua pia mlango unaofungwa taratibu usiku ambao si zamu yako. Tofauti ni kwamba Utah viongozi walihimiza haki baina ya wake, ila zamu haikuwa na sheria kama tunayoijua kwenye ndoa za Kiislamu, na hapakuwa na kikomo cha wake wanne. Isitoshe, mume aliitwa na kanisa kwenda Uingereza au California kwa miaka, na mke akabaki kuwa mwanamume na mwanamke wa nyumba.

Upande wa wanaowasifu una hoja nzito, na sitaki kuipunguza. Sheria ya talaka ya Utah ya 1852 iliruhusu ndoa kuvunjwa pale ilipoonekana wanandoa hawawezi tena kuishi kwa amani, na Brigham Young peke yake alitoa talaka za kanisa zaidi ya 1,600. Mwanamke wa New York wa wakati huo asingeota jambo kama hilo. Mwezi Januari 1870 maelfu ya akina mama walijaa Tabanakulo, ukumbi mkuu wa ibada wa Salt Lake, kupinga muswada wa kukaza sheria dhidi ya mitala. Februari 12 mwaka huo huo bunge la Eneo la Utah (Utah ilikuwa bado si jimbo kamili), ambalo lilikuwa la wanaume watupu, likawapa kura. Siku mbili baadaye mwalimu wa shule aitwaye Seraph Young, mjukuu wa ndugu yake Brigham, akapiga kura katika uchaguzi wa mji. Wyoming ilikuwa imepitisha sheria kama hiyo Desemba 1869, lakini wanawake wa Utah ndio waliotangulia kufika kwenye sanduku. Marekani nzima ilisubiri mpaka 1920.

Halafu kuna madaktari. Ellis Shipp aliwaacha wanawe kwa wakewenza wake, akaenda Philadelphia, akarudi mwaka 1878 na shahada ya udaktari, akafungua shule ya wakunga iliyofundisha wanawake kwa mamia. Watetezi wa mitala wanampenda sana Ellis: mnaona, mitala ndiyo iliyompa nafasi ya kusoma. Nami nasema mtazameni Romania Pratt, aliyemaliza chuo hicho hicho mwaka mmoja kabla yake. Watoto wake walibaki na mama yake mzazi. Aliyemwachia Ellis nafasi ni wanawake wengine waliokubali kubeba mzigo wake. Wakewenza wanaweza kufanya hivyo, lakini hata bibi, shangazi na jirani hufanya hivyo kila siku, wala hapahitajiki mwanamume kuoa mara nne ili jambo hilo liwezekane.

Martha Hughes Cannon ndiye hoja yao kubwa kuliko zote. Alizaliwa Wales mwaka 1857, akavushwa nyika utotoni. Alipata udaktari Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1880, akaolewa mke wa nne na Angus Cannon mwaka 1884. Mwaka 1896 aligombea useneti wa jimbo kupitia chama cha Democrat. Katika orodha ya wagombea wa Republican alikuwemo mumewe mwenyewe. Martha akashinda, Angus akashindwa, na Martha akawa mwanamke wa kwanza Marekani kuwa seneta wa jimbo. Alimwambia mwandishi wa gazeti kwamba mke wa mitala si mtumwa nusu ya alivyo mke wa peke yake, kwa kuwa mume akiwa na wake wanne, kila mwezi anakuwa huru wiki tatu.

Kauli hiyo hunukuliwa kila mahali, na ninaipenda. Lakini huyo huyo Martha, miaka kumi kabla, alikimbilia Uingereza na mtoto wake mchanga. Maafisa wa shirikisho walikuwa wanawasaka wenye wake wengi, na yeye alikuwa hatari mara mbili: mtoto wake ni ushahidi dhidi ya Angus, na kama daktari alikuwa amewazalisha wake wa mitala wengine ambao angeweza kuitwa mahakamani awataje. Barua alizomwandikia Angus kutoka ugenini zimejaa upweke, na mara nyingine wivu. Wiki tatu za uhuru zilikuwa pia wiki tatu za kukosa mtu.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Mwaka 1856 chama cha Republican kilitangaza kwamba mitala na utumwa ni masalia mawili ya ushenzi. Ukiachilia mbali siasa zao, ushahidi wa maumivu ulikuwepo na ulitoka ndani. Ann Eliza Young, mmoja wa wake wa Brigham Young, alidai talaka mwaka 1873, kisha akazunguka Marekani akieleza umma jinsi alivyotelekezwa. Jaji aliamuru Brigham alipe matunzo. Alipokaidi, mwaka 1875 akalala gerezani usiku mmoja. Mwishoni ndoa ikahesabiwa batili, kwa kuwa sheria ya Marekani haikuitambua. Ina maana sheria iliyosema inamlinda Ann Eliza ilimwambia vile vile kwamba hakuwahi kuwa mke wa mtu. Helen Mar Kimball naye alikuwa hajatimiza miaka 15 alipounganishwa na Joseph Smith, yaani kufungishwa naye ndoa ambayo Wamormoni huiamini kuwa ya milele, mwaka 1843.

Helen huyo huyo, ukubwani, aliandika kuitetea mitala. Je, tumwamini? Wahenga walisema aisifuye mvua imemnyea, na watetezi huwa wanataka tuishie hapo: waliokuwemo ndani wamesema ni njema, basi. Nakubali kwamba sauti yao ni ya kusikilizwa kwanza kabla ya yetu. Kuwaita vipofu ni dharau ile ile waliyofanyiwa na magazeti ya zama zao. Ila anayesema hadharani, huku kanisa lake linaandamwa, mume wake anatafutwa na polisi, na watoto wake wanaitwa wa haramu, hasemi yote aliyo nayo moyoni. Na katika jambo hili tuna bahati ya ajabu, kwa sababu yupo mwanamke ambaye tunayo maneno yake ya hadharani na ya sirini pia.

Emmeline Wells alizaliwa Massachusetts mwaka 1828. Aliolewa na miaka 15, mtoto wake akafa, mume akaenda zake. Akaolewa tena, akafiwa na mume mwaka 1850. Mwaka 1852 yeye mwenyewe alimwandikia Daniel Wells, mtu mzito mjini Salt Lake, akamwomba amfikirie. Akawa mke wake wa saba. Kuanzia 1877 mpaka 1914 alihariri gazeti la Woman's Exponent, ambalo kwenye kichwa chake lilitaja haki za wanawake wa Sayuni na haki za wanawake wa mataifa yote. Humo alitetea kura, kazi, elimu, na alitetea mitala bila kutetereka. Mwaka 1879 alifika Washington akaonana na Rais Hayes.

Lakini usiku wa Septemba 30, 1874, Emmeline aliandika katika shajara yake kwamba laiti mumewe angeweza kumpenda hata kidogo tu, asionekane kama mtu asiyejali kabisa hisia za namna hiyo; kwamba hawezi kuijua kiu yake, maana yeye amezungukwa na mapenzi kila upande, na Emmeline ametupwa nje.

Nimeurudia mstari huo mara nyingi, na bado unaniuma. Wapo wanaousoma wakasema haya, kumbe gazeti lilikuwa uongo. Mimi sioni uongo. Naona mwanamke aliyeamini kanuni na ambaye ndoa yake mwenyewe ilimvunja moyo, na ambaye nishati yote ambayo nyumba ilikataa kuipokea aliihamishia kwenye kazi. Brigham Young alipomkabidhi mwaka 1876 kuongoza akina mama katika kuweka akiba ya ngano, waliokota masazo mashambani, wakachanga, wakajenga maghala. Ngano hiyo iliuzwa kwa serikali ya Marekani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na mwaka 1919 Rais Wilson alimtembelea kikongwe huyo na kumshukuru. Hiyo ni kazi ya maisha. Lakini kusema mitala ndiyo iliyomzalia Emmeline kazi hiyo ni sawa na kuusifu ukame kwa sababu umemfundisha mtu kuchimba kisima.

Kwa upande wa wakombozi, nina hasira nao zaidi, na sitaificha. Wanasiasa kadhaa wa Washington walikuwa wameunga mkono wanawake wa Utah kupewa kura wakidhani wataitumia kuifuta mitala. Walipoona wanawake hao wanapiga kura pamoja na kanisa lao, wakabadili nia. Mwaka 1883, chini ya sheria ya Edmunds, sheria ya shirikisho ya kuwaadhibu wenye wake wengi, Belle Harris alifungwa zaidi ya miezi mitatu pamoja na mtoto wake mchanga kwa sababu alikataa kujibu swali kuhusu ndoa yake. Mwaka 1887 sheria ya Edmunds-Tucker iliwanyang'anya kura wanawake wote wa Utah, mke wa mitala na mke wa peke yake, Mmormoni na asiye Mmormoni. Mwanamume mwenye mke mmoja akabaki na kura yake. Wanaume zaidi ya 1,000 walifungwa, na wake zao wakajificha mashambani na mimba zao, wakawafundisha watoto wasilitaje jina la baba. Kanisa lilipotoa tamko la kuacha ndoa mpya za mitala mwaka 1890, wapo wake waliobaki hawajui wao ni nani kwa mtu waliyezaa naye. Kura ilirudi mwaka 1896 Utah ilipokuwa jimbo kamili, na ilirudi kwa sababu akina Emmeline waliidai.

Na Jane? Jane Manning James haingii vizuri katika hoja yoyote kati ya hizi mbili, labda ndiyo maana hutajwa pembeni. Hakuwahi kuwa mke wa mitala. Alizaliwa huru Connecticut. Mwaka 1843 yeye na ndugu zake walipokataliwa kupanda chombo huko Buffalo kwa sababu ya rangi yao, walitembea kwa miguu hadi Nauvoo, kama kilomita 1,300. Alisimulia mwenyewe baadaye kwamba viatu viliisha, miguu ikapasuka, nyayo zao zikaacha damu ardhini. Wakasimama, wakamwomba Mungu aiponye, kisha wakaendelea. Aliishi na kufanya kazi nyumbani kwa Joseph na Emma, akafika bondeni Septemba 1847. Wakati wenzake wanabishania iwapo mwanamke mwenye mume wa kugawana ni huru, Jane alikuwa anagonga mlango mwingine. Kanisa liliwazuia watu weusi kupokea ibada kuu za hekaluni, na tangu miaka ya 1880 aliwaandikia viongozi mmoja baada ya mwingine akiomba aruhusiwe. Kizuizi hicho kiliondolewa Juni 1978. Leo kuna hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025, na akina mama weusi huingia humo bila kuandika barua.

Mei 1894 viongozi walimpa Jane jibu la aina yake: ataunganishwa na Joseph Smith milele, kama mtumishi. Hata kwa hilo hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa hai, anaishi mji ule ule wa Salt Lake, na ndani ya hekalu alisimamishwa mwanamke mweupe, Bathsheba Smith, aitikie kwa niaba yake. Jane hakuridhika. Akaomba tena.